Kutangaziana kazi za mikono bila kuharibiana jina

Kwa kundi la mafundi wanaotangaziana kazi kwa simu, watu watano hadi saba wanatosha, na wasiwe wa fani moja. Msusi wa vikapu, mshona kofia za mkono, fundi makubazi, mchonga vinyago, mfinyanzi. Aliyenunua kikapu leo hanunui kingine wiki ijayo, lakini makubazi huenda anayahitaji. Wasusi watatu wa kikapu kile kile wakikaa kundi moja, haitapita muda mmoja atamshushia bei mteja wa mwenzake, na kundi litavunjika hapo hapo.

Kabla ya kutangaza kazi ya mwenzako, ishike. Usitangaze kitu ulichokiona kwenye picha tu, maana mteja wako anakujua wewe, na kikiharibika atakutafuta wewe.

Kikapu cha ukindu kipakie kilo tano za mchele, kitundike kwenye msumari saa nzima, kisha tazama pale mkanda wa kubebea unaposhikana na ukili, yaani utepe wa ukindu uliosukwa. Mikanda iliyoshonewa ukili wa juu peke yake huuvuta mdomo hadi uzi ukachanika. Inayoteremka ubavuni na kushikwa chini hukaa. Halafu lowesha kitambaa cheupe, sugua sehemu yenye rangi. Ukindu uliochemshwa haraka kwenye rangi, au ambao haukusuuzwa vya kutosha, hutoa rangi, na mtu wa kwanza kukipakata juu ya kanzu nyeupe atakupigia simu. Mwisho ingiza pua ndani. Harufu ya kuvu maana yake kilihifadhiwa kibichi au mahali penye unyevu, na kuvu hilo halifi ndani ya mfuko wa plastiki, linazidi.

Kinyago cha mpingo kina ujanja zaidi. Kitambaa chenye maji kikipita sehemu ya chini na kutoka cheusi, huenda ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Ila usihukumu kwa kitambaa peke yake, kwa kuwa wapo wanaosugua kiwi hata kwenye mpingo wa kweli ili ung'ae. Kinyanyue: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kwaruza kidogo chini ya kitako uone kama weusi unaendelea ndani. Kisha kagua ncha zote mbili za mti, kule ulikokatwa. Ufa mwembamba uliozibwa kwa gundi na vumbi la mbao utafunguka kinyago kikifika nchi yenye hewa kavu. Makubazi ni mepesi kukagua: kunja soli mara kumi. Ukanda upite ndani ya soli na kushonwa. Uliobandikwa gundi tu utaanza kuachia mbele ya macho yako.

Picha sasa. Zipige nje kwenye kivuli, au karibu na dirisha, asubuhi jua likiwa halijawa kali. Futa kwanza lenzi ya simu, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu hudhani ni ubovu wa simu. Zima mwanga wa kamera (flashi): kwenye mpingo uliong'arishwa unaacha doa jeupe usoni mwa kinyago, na taa ya njano ya ndani hugeuza rangi ya ukindu, hivyo mteja atapokea kikapu na kusema si alichokiona. Usipige karibu na ukuta wa kijani au bluu, kwani rangi yake hurudi kwenye kitu. Chini tandika shuka ya rangi moja. Kanga ni nzuri lakini ina mengi ya kusema, jicho litasoma kanga na kukiacha kikapu.

Piga tano kwa kila kitu: kizima kwa mbele, ndani au chini, ushonaji kwa karibu, mtu akiwa amekibeba au amekivaa, na mahali penye dosari kama ipo. Hiyo ya mwisho mafundi wengi huikwepa, na ndiyo inayopunguza ugomvi. Unapompa mwenzako picha kwa WhatsApp, tuma kama hati, au kwa ubora wa juu. Ukituma kwa njia ya kawaida picha inapunguzwa, na ikishapita kwa watu watatu ukili hauonekani tena, yanabaki mabaka.

Kila kitu kipewe namba ya utambulisho, na maelezo yaandikwe mara moja na fundi mwenyewe. Wenzake wayanakili bila kuongeza neno. Mfano:

VK-07. Kikapu cha ukindu, rangi ya asili na nyekundu, mikanda ya ngozi ya ng'ombe. Mdomo sm 40, kimo sm 32, kitako sm 28. Kipo kimoja tayari. Kingine huchukua siku 6. Sh 50,000, usafiri hulipiwa kando. Msusi yuko Tanga. Kuagiza taja VK-07.

Kwa kofia andika mzunguko wa kichwa kwa sentimita, utepe wa fundi cherehani ukipita juu kidogo ya masikio. Kwa makubazi andika urefu wa unyayo pamoja na namba, kwa sababu namba za viatu hazifanani kwa kila fundi. Na bei iandikwe. "Bei njoo inboksi" huwafukuza wengi kuliko inaowaleta: mtu anadhani utampima kwanza mfuko, ndipo utaje.

Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24 tu. Weka mbili zako na moja ya mwenzako kwa siku, basi, mkipokezana kwa zamu iliyoandikwa ili asiwepo anayetangazwa kila siku na anayesahauliwa. Ukiweka picha ishirini, vile vimstari vya juu vinageuka nukta nukta, na anayefungua akishaziona nukta hizo anaruka kwa mtu mwingine. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi huchukua watu 256 na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Hivyo siku ya kukabidhi mzigo mwombe mteja aihifadhi mbele yako. Anayefanya biashara mfululizo aweke WhatsApp Business, ni bure, na katalogi yake inapokea bei na picha, kwa hiyo hutumi upya picha zile zile kila anapokuja mtu mpya.

Kitu kikiuzwa, fundi aandike kwenye kundi papo hapo: VK-07 IMEUZWA. Bila hivyo watu wawili watapokea pesa za kikapu kimoja, na atakayerudisha ni yule aliyechelewa kujua.

Upande wa fedha ndiko makundi mengi hufia. Bei iwe moja kila mahali. Mteja akikiona kikapu kile kile kwa 50,000 kwa msusi na 65,000 kwako, hamwamini hata mmoja wenu. Kamisheni ya anayetangaza itoke ndani ya bei hiyo, kwa hiyo ihesabiwe tangu mwanzo. Tuseme ukindu na rangi ni sh 6,000, ngozi na uzi 7,000, kazi ya siku mbili 24,000, nauli na vocha 2,000. Jumla 39,000. Msusi anayeuza kwa 40,000 anadhani amepata elfu moja. Akitoa asilimia 10 kwa mwenzake anabaki na 36,000, yaani amekula ujira wake mwenyewe. Kwa 50,000, kamisheni ni 5,000, kinabaki 45,000, na faida ni 6,000. Akimpata mteja mwenyewe bei haishuki, ile kamisheni inakuwa yake.

Pesa ya mteja iende moja kwa moja kwa fundi, isipitie kwa mtangazaji. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lifanane na jina mlilompa mteja, au umweleze mapema, kwa sababu watu wengi husitisha malipo wakiona jina geni, na wana haki. Kazi ya kuagiza ichukue nusu kabla; iliyo tayari ilipwe yote kabla ya kusafirishwa. Kamisheni ilipwe mteja akishamaliza kulipa, si kwenye malipo ya awali. Kubalianeni pia kuhusu kamisheni ya mteja anayerudi: agizo la kwanza tu, au yote ya miezi mitatu. Lolote mnalochagua, liandikwe kwenye daftari lenye safu tano: tarehe, namba ya kitu, mteja ameletwa na nani, kiasi, kamisheni imelipwa au bado. Hesabu zifungwe kila wiki.

Kusafirisha kwa basi: jaza kikapu magazeti kisibonyee, kivike kiroba kinachopitisha hewa, andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili. Chungu kiwekwe ndani ya boksi ndani ya boksi, na nafasi ya vidole vinne vya makapi ya mpunga au karatasi kila upande, hata chini. Piga picha mzigo kabla ya kufunga na risiti baada ya kulipia, umtumie mteja zote mbili.

Akilalamika, aliyemleta ndiye anayejibu kwanza, ndani ya siku hiyo hiyo, na aombe picha ya tatizo. Kosa likiwa la kazi, fundi hutengeneza au hurudisha pesa, na kamisheni inarudi pia. Kosa likiwa la maelezo yaliyonakiliwa vibaya, nauli ya kurudisha ni juu ya aliyenakili.