Popo Watano wa Bibi: Namna ya Kusoma Michoro ya Kauri za Kichina

Sahani ya marehemu bibi yangu ilikaa kwenye kidaka cha nyumba yetu Lamu miaka yote ya utoto wangu, nami nikidhani wale wekundu wanaozunguka ukingo ni vipepeo. Kumbe ni popo. Nilipojua kilichowaweka popo kwenye chombo cha heshima, ndipo nilipoanza kuzisoma kauri.

Ukishika chombo, usiishie kuuliza mchoro ni wa nini. Uliza unaitwaje kwa Kichina. Sisi tuna kaa wa baharini na kaa la moto, sikio halitofautishi. Wachina wamejaza vyombo dua kwa njia hiyo. Popo hutamkwa fu, na baraka vilevile fu. Popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema, na kufa kwa amani siku zikitimia. Wakiwa wekundu baraka huwa kubwa zaidi, maana hong ni wekundu na pia ni ukubwa. Samaki, yu, ni ziada. Paka na kipepeo, mao na die, humtakia mzee afike miaka 80 na kupita.

Mingine haihitaji sikio: komamanga kwa wingi wa mbegu huombea watoto, pichi ni maisha marefu, bata wawili ni ndoa. Soma picha zote kwa pamoja, utajua chombo alipewa nani: bibi harusi, mzee, au mtu anayengojea mtoto.

Kisha kigeuze. Chapa ya herufi sita katika safu mbili husomwa juu kwenda chini, ukianzia safu ya kulia: nasaba, mfalme, halafu “ilitengenezwa enzi ya”. Usitoe pesa kwa kuamini chapa peke yake. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri huko China, wa enzi ya mfalme Kangxi (1662–1722) waliandika mara nyingi chapa ya mfalme Chenghua (1465–1487) kwa kuheshimu kazi za kale.

Pitisha kidole. Buluu iliyo chini ya kioo cha chombo, yaani ule utando mng'avu unaokifunika, ni laini; rangi zilizopakwa juu yake huinuka kidogo, na hizo huchubuka. Osha kwa maji vuguvugu na kitambaa laini. Popo mmoja wa bibi amebaki kivuli tu, kwa sababu nilimsugua kwa kumbi la nazi na mchanga siku ya kuamkia Idi, nikitaka ang'ae.