Gari Limezeeka? Mambo ya Kuzingatia Kabla Taa Haijawaka

Anza na ufunguo. Uzungushe mpaka dashibodi iwake, lakini usipige stati. Kwenye magari mengi utaona taa ya oili, ya betri na ya injini zikiwaka pamoja. Taa isiyowaka hapo isikufurahishe: huenda balbu imeungua, au aliyekuuzia gari aliichomoa makusudi ili usiulize maswali. Injini ikishawaka, zote zinapaswa kuzima ndani ya sekunde chache.

Taa nyekundu maana yake simama. Ya oili ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu presha ikishuka beringi zinasagika haraka, na hapo hakuna cha "nifike tu nyumbani". Ya njano inakuruhusu kwenda kwa fundi taratibu, isipokuwa taa ya injini ikianza kupepesa. Hapo kuna silinda inayopiga misi, yaani haichomi mafuta yake sawasawa, na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Punguza mwendo.

Angalia pia taa zinazokuja na mwenzake. Ya betri ikiwaka huku mshale wa joto unapanda, usikimbilie kununua betri. Magari mengi hutumia mkanda mmoja kuzungusha oltaneta, inayochaji betri, na pampu ya maji, kwa hiyo fungua boneti utazame kama mkanda bado upo.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloua magari ya zamani. Jua kwanza mshale wako unakaa wapi siku njema. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90, na mshale huganda hapo karibu na katikati. Siku ukipanda, jiulize umepanda lini. Kama unapanda kwenye foleni na kushuka ukianza kukimbia, shuku feni: mota, rilei (swichi yake ya umeme), fyuzi. (Mimi nilishanunua pampu mpya, kumbe fyuzi ndiyo iliyokatika.) Kama foleni hailisumbui ila mlima na mwendo wa kasi, rejeta huenda imeziba kwa kutu na chumvi za maji ya bomba. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwaka, themostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, inaweza kuwa imegoma kufunguka. Wapo mafundi wanaopenda kuitoa kabisa. Usikubali: injini itachelewa kupata moto, italamba mafuta, na taa itawaka kwa kosa jingine.

Asubuhi, gari likiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta utazame maji, kisha ukague mpira wa kifuniko chenyewe. Watu hukidharau, lakini ndicho kinachoshikilia presha, na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) iliyochanganywa vizuri ikiwa kwenye presha inaweza kupita nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira ukikauka, itachemka mapema hata ukifunga rejeta mpya. Chomoa na kijiti cha oili. Oili iliyogeuka kama maziwa imeingiliwa na maji, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili, iliyoungua. Dalili nyingine ya gasketi: maji yanapungua bila tone chini, na moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto.

Mshale ukipanda njiani, zima AC, washa hita hadi mwisho na utafute pa kusimama. Hita ikipuliza baridi wakati mshale uko juu, maji yameisha au hayazunguki. Zima injini papo hapo. Mshale unaweza hata kuanguka ghafla wakati mvuke unatoka, kwa kuwa sensa haiguswi tena na maji. Kifuniko usikiguse mpaka mpira mkubwa wa juu wa rejeta uwe umepoa na kulegea mkononi. Maji baridi usiyamwage juu ya injini ya moto, hedi itapasuka.

Ukifika kwa fundi, omba kodi za hitilafu, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, zisomwe kabla hajachomoa waya wa betri, maana kwenye magari mengi zitafutika. P0217 ni injini kupata joto kupita kiasi. P0128 ni kinyume chake, haifiki joto lake, na themostati ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. P0118 inahusu saketi ya sensa ya joto, na waya uliokatika unaweza kuileta bila sensa yenyewe kufa. Upimwe waya kwanza.