Runinga ya HD, picha ya kichogo: angalia waya kwanza

Nyumba nyingi zina runinga bapa na king'amuzi cha HD, lakini vimeunganishwa kwa zile nyaya tatu za AV: njano, nyeupe na nyekundu. Wa njano ndio unaobeba picha nzima, mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na kwa PAL, mfumo wa zamani wa runinga, kikomo chake ni mistari 576. Hiyo ni picha ya pikseli 720 kwa 576, kama laki nne hivi. HD kamili, 1920 kwa 1080, ina zaidi ya milioni mbili. Runinga itaivuta picha ijae kioo, ila haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Ndiyo maana dakika na matokeo ya mpira pembeni huonekana yana ukungu.

Si kila waya wa analojia, kama huo wa njano, ni mbovu. Komponenti, yenye plagi za kijani, bluu na nyekundu, hutenganisha mwanga na rangi na hufikisha 1080i (mistari 1080, inayochorwa nusu kwa zamu) vizuri. Kama tundu la HDMI (waya mmoja wa dijitali unaobeba picha na sauti) limeungua na vifaa vyako vyote viwili vina komponenti, itumie bila wasiwasi. Sauti haipiti humo, kwa hiyo ongeza nyeupe na nyekundu za sauti. Jumla plagi tano. Nyekundu zikiwa mbili, makosa hayakosekani. Ukipishanisha bluu na nyekundu ya picha, nyuso za watu zinageuka bluu. Ukichomeka njano kwenye tundu la kijani wakati runinga inasubiri komponenti, unapata picha isiyo na rangi.

Kwa diski za filamu za Blu-ray usihangaike na analojia. Deki zilizotengenezwa kuanzia 2011 hushusha diski zenye ulinzi hadi 576i (au 480i) kwenye matundu ya analojia, na za baada ya 2013 hazitoi kabisa picha ya diski hizo kwa njia hiyo.

Sasa HDMI yenyewe:

1. Zima vyote na uchomoe ukutani. Waya wa dishi nao ufungue. Nyumba isiyo na ethi (waya wa ardhi), umeme mdogo huvuja kwenye chasisi, na unapochomeka vifaa vikiwa na umeme ndipo matundu ya HDMI yanapokufa.
2. Chomeka na usome namba ya tundu. Sauti inapita humohumo.
3. Rudisha waya wa dishi, washa runinga, bonyeza Source uchague namba ile, ndipo uwashe king'amuzi.
4. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, upande wa picha, uweke 1080i au 1080p (mistari yote kwa pamoja). Hatua hii husahaulika sana: waya ni mpya, king'amuzi bado kinatoa 576i. Kwenye runinga nyingi kitufe cha Info kitakuonyesha kinachoingia.
5. Kama kingo za picha zimekatwa, tafuta kwenye ukubwa wa picha chaguo linaloonyesha picha yote bila kuikuza.

Chaneli isiyorushwa kwa HD itabaki hivyohivyo, usimlaumu fundi.

Waya mbovu wa analojia huleta vivuli, chenga na mistari inayopanda taratibu. Wa dijitali haufanyi hivyo: picha ni safi, kisha vinakuja vinukta vinavyometameta, kisha kioo cheusi. Kwa hiyo waya wa bei mbaya hauongezi rangi wala ung'avu kuliko wa kawaida unaofikisha data salama. Kinachostahili pesa ni urefu. Kwa 1080p, mita 10 za waya mzuri kwa kawaida zinatosha. Kwa 4K (pikseli mara nne ya HD kamili) ya fremu 60 kwa sekunde usipite mita 5 hivi, na utafute wenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde.

Kipindi kikibaki cheusi wakati menyu ya king'amuzi inaonekana, huenda ni HDCP, ulinzi wa kuzuia picha kunakiliwa. Chomoa vifaa vyote umeme kwa dakika moja, uondoe kigawanyishi cha HDMI kama kipo katikati, ujaribu moja kwa moja. Kwa filamu za 4K zenye ulinzi, kila kifaa njiani, hata redio ya sinema ya nyumbani, kinahitaji HDCP 2.2.