Ripoti ya atachimenti: kubadilisha jina hakutoshi

Wanafunzi wa ustawi wa jamii mnaoingia atachimenti (mafunzo ya kazini) hapa Mombasa, angalieni zile ripoti za wateja, yaani watu mnaowahudumia. Ukimwita mtu "Mama A" halafu ukaandika anauza viazi karai karibu na feri upande wa Likoni, ana mapacha na mumewe ni baharia, hujaficha kitu. Likoni watu wanajuana! Andika "mfanyabiashara mdogo, mzazi wa watoto wawili", basi. Mtaa, shule, kazi ya mume, viondoe kama havibadilishi uchambuzi wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiangalii jina peke yake, inagusa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Na faili usilipige picha kwa simu eti ukamalizie nyumbani.

Logbuku, lile daftari la kazi zako za kila siku, nayo ijaze siku hiyohiyo. Umefika kwa mteja Kisauni ukakuta mlango umefungwa? Andika "sikumkuta, nitarudi Alhamisi". Kubuni ziara, kwangu mimi, ni kubaya kuliko kunakili insha ya mwenzako, maana kuna afisa anaweza kuamua mambo ya mtoto kwa kusoma ulichoandika. Tarehe, saa na kilichotokea vinatosha, hata ikiwa mistari miwili tu.