SOMO: Kuchora protini kwa skripti ya PyMOL (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, habari zenu. Nimechoka kujibu swali hili moja moja inboksi. Mtu anachora himoglobini kwa kubofyabofya ndani ya PyMOL (programu ya kuchora molekuli), inatoka nzuri, anapeleka kwa msimamizi wake. Msimamizi anataka ya pili yenye pembe ileile na rangi zilezile. Hapo ndipo ninapotafutwa usiku. Jibu langu halibadiliki: picha ya utafiti haichorwi kwa kipanya, inaandikwa. Somo liko hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu tu.

Tutatumia himoglobini ya kawaida, 4HHB, na ya selimundu, 2HBS (hizo ni namba za mafaili yao), zote ziko wazi kwenye PDB, hazina ya mtandaoni ya miundo ya protini. Kinachozitofautisha ni nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta: asidi amino ya glutamati imetoka, ya valini imeingia.

1. Sakinisha. Kuna toleo la kulipia la Schrödinger na kuna toleo huria. La huria linatosha, lishushe kwa conda (kisakinishi cha programu):

`conda install -c conda-forge pymol-open-source`

2. Fungua folda isiyo na nafasi kwenye jina, na ndani yake faili `kazi.pml`. Wa Windows, hakikisheni Notepad haijaigeuza kuwa `kazi.pml.txt`.

3. Leta molekuli, usafishe.

```
reinitialize
fetch 4hhb
remove solvent
hide everything
show cartoon
color grey80
show sticks, resn HEM
```

Faili likishashuka kwenye folda, `fetch` hailipakui tena, kwa hiyo msihofie bando. Kama PyMOL yako ni ya kabla ya 2.3, ongeza `async=0` (au `async_=0` ukiona inakataa), la sivyo skripti itakimbilia mstari unaofuata molekuli ikiwa bado njiani.

4. Kuchagua. Hapa msiruke hata mstari. Katika 4HHB minyororo ya beta ni B na D. Karibu kila anayeanza huandika hivi:

`select beta, chain B and chain D`

Utapata atomu sifuri. Kwa PyMOL, `and` maana yake atomu ileile moja itimize masharti yote mawili, na hakuna atomu inayokaa kwenye minyororo miwili kwa wakati mmoja. Sahihi ni `chain B+D`, au `chain B or chain D`.

Tabu ni kwamba PyMOL haitapiga kelele. Itaandika kwa maandishi madogo kwamba chaguo lina `0 atoms`, kisha itaendelea na kazi. Picha itatoka safi kabisa, ila ulichotaka kiwe chekundu kitabaki kijivu, na kwenye maelezo ya picha utakuwa umeandika "nyekundu". Upande wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hapo unapata kitu:

`select sita, chain B or chain D and resi 6`

`and` inashika kabla ya `or`. Umechagua mnyororo B mzima, pamoja na nafasi ya 6 ya D peke yake. Weka mabano, hayalipiwi. Na kabla hujapaka rangi yoyote, hesabu (`resi` ni namba ya nafasi, `resn` ni jina la asidi amino, na `CA` ni kaboni alfa, moja tu kwa kila asidi amino):

```
count_atoms chain B+D and resi 6 and name CA
iterate chain B+D and resi 6 and name CA, print(chain, resn, resi)
```

Ya kwanza ilete 2. Ya pili ilete B GLU 6 na D GLU 6. Ukiona kingine chochote, simama hapo hapo, usiendelee hatua ya 5 ukitumaini kitajirekebisha. Mistari hii miwili iache ndani ya skripti, usiifute hata ukishazoea. Skripti isiyohesabu mimi siiamini, iwe imeandikwa na nani.

5. Paka rangi.

```
select sita, chain B+D and resi 6
show spheres, sita
color red, sita
```

6. Funga mwonekano. Hapa tu ndipo kipanya kinaruhusiwa. Zungusha mpaka uridhike, andika `get_view`, nakili mstari wote wa `set_view` pamoja na namba zake 18, ubandike kwenye skripti.

7. Toa picha.

```
bg_color white
ray 1600, 1200
png himo.png, dpi=300
```

Ukigusa molekuli baada ya `ray` (amri inayochora kwa kufuata miale ya mwanga), kazi ya miale imepotea, rudia. Na `dpi=300` haiongezi ubora, inaandika kipimo tu: pikseli 1600 zitachapwa kwa upana wa sentimita 13.5 hivi. Ukitaka kubwa zaidi, ongeza namba kwenye `ray`.

8. Endesha kwa `pymol -cq kazi.pml`. Ukiwa ndani ya programu, `cd` kwenye folda yako kwanza, kisha `@kazi.pml`.

Kwa 2HBS, chaguo la beta ni `chain B+D+F+H`, kwani faili lina molekuli mbili kamili za himoglobini. Ili pembe zilingane, zilete zote mbili kwenye skripti moja, andika `align 2hbs and chain A+B+C+D, 4hhb`, halafu tumia `set_view` ileile. Zikiwa pamoja, kila chaguo litaje molekuli yake, kwa mfano `4hhb and chain B+D`.

Skripti za watu wengine zimejaa PyMOLWiki, na kwenye GitHub kuna Pymol-script-repo. Chukueni, ila faili la `.py` lisomwe kabla ya kuendeshwa. Ni Python kamili, lina uwezo hata wa kufuta mafaili yako.

---

kipanga_mweusi: Mkuu mimi haifanyi kazi.

Mwandishi: Kipi hakifanyi kazi? Bandika amri uliyoandika na ujumbe uliotokea.

kipanga_mweusi: inasema 0 atoms

Mwandishi: Hatua ya 4.

kipanga_mweusi: hiyo nimeisoma bro. nimeandika chain B and chain D

Mwandishi: Isome tena.

BintiKemia: Asante kwa somo. Nimejaribu mfano wa beta wa AlphaFold (programu inayotabiri umbo la protini kutoka mfuatano wake) badala ya 4HHB, lakini nafasi ya 6 napata prolini, si glutamati. Nimehesabu kama ulivyoelekeza. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Hujakosea popote dada, na kama usingehesabu ungepaka prolini rangi na hakuna ambaye angejua. AlphaFold inafuata mfuatano mzima wa jeni, ukiwa na methionini ya mwanzo. Mwilini methionini hiyo hukatwa, na hesabu ya zamani ya himoglobini, ambayo 4HHB inaifuata, huanzia kwenye valini inayofuata. Kwa hiyo 6 ya PDB ni 7 ya AlphaFold. Ndiyo maana watu wa jenetiki siku hizi huandika p.Glu7Val wakati vitabu vingi vinasema 6. Andika kwenye maelezo ya picha unatumia hesabu ipi.

Na kwa kuwa uko kwenye AlphaFold: safu ya B humo ni pLDDT, yaani kiasi programu inavyojiamini, kubwa ndiyo nzuri. Kwenye muundo wa fuwele safu hiyohiyo ni kinyume, kubwa ina maana atomu haijatulia. Usitumie `spectrum b` kwa zote mbili ukadhani rangi zinasema jambo moja.

mzee_wa_data: ChimeraX, programu nyingine ya kuchora molekuli, ni bora mara mia. Kwa nini unawafundisha vijana kitu cha zamani?

Mwandishi: Kwa sababu wanaoniuliza wanatumia PyMOL. ChimeraX ni nzuri, sijasema vinginevyo. Kule ungeandika `color /B,D:6 red` na mchezo umeisha. Andika somo lake, nitalisoma.

mzee_wa_data: Poa, nitaandika.

Songoro: Nimechukua skripti ya zamani mtandaoni, inaleta "Missing parentheses in call to 'print'".

Mwandishi: Ni ya Python 2. Kila `print x` ifanye `print(x)`. Ukikutana na `async=` ndani ya faili la `.py`, igeuze `async_=`, kwa sababu tangu Python 3.7 neno hilo ni mali ya lugha yenyewe.

BintiKemia: Swali la mwisho. Hiyo valini ya 2HBS inagusa nini hasa? Nataka picha ya mguso wenyewe.

Mwandishi: Swali zuri, na ndiyo sababu 2HBS ni tamu. Valini ya molekuli moja inaingia kwenye mfuko wa molekuli jirani, penye fenilalanini 85 na leusini 88 za beta, na hivyo molekuli zinashikana kuwa nyuzi ndefu. Usikisie mnyororo upi unagusa upi, iulize PyMOL:

```
select val6, chain B+D+F+H and resi 6
select mfuko, byres ((chain B+D+F+H and resi 85+88) within 5 of val6)
iterate mfuko and name CA, print(chain, resn, resi)
```

Namba 5 ni angstromu. Ikiwa tupu, mguso uko kwa jirani wa fuwele (nakala ya molekuli inayojirudia kwenye fuwele) asiyemo kwenye faili. Mlete kwa `symexp jirani, 2hbs, 2hbs, 5`, kisha rudia mistari miwili ya mwisho.

Songoro: Kumbe ndiyo maana 1HHO yangu (faili jingine la himoglobini) ni nusu?

Mwandishi: Karibu na hapo. Faili la 1HHO lina alfa moja na beta moja tu, nusu ya pili inapatikana kwa ulinganifu wa fuwele. Andika `fetch 1hho, hho, type=pdb1`, halafu `set all_states, on`. Utaiona nzima.

kipanga_mweusi: Imekubali mkuu!! Ila niko kwenye simu sasa, naweza kuendesha hii skripti kwenye simu?

Mwandishi: Skripti hapana. Kutazama tu, fungua 4HHB kwenye tovuti ya RCSB, kuna Mol* inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Na ukirudi kwenye kompyuta anza na `log_open kumbukumbu.pml`, kila amri utakayoandika itahifadhiwa humo. Safari ijayo nitumie hilo faili, usiniambie "haifanyi kazi".