Jinsi ya kupunguza mafuriko Bukavu kwa mapipa na majani, bila gharama kubwa

Mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, maji yanayobomoa nyumba za bondeni huwa yameanza safari juu, kwenye mabati yetu wenyewe. Nyumba za Kadutu, sehemu mojawapo ya mji wa Bukavu, zimebanana mlimani, ardhi iliyo kati yao imekanyagwa hadi ikawa ngumu kama sakafu, na maji yasiyopata pa kuingia hukimbilia mto Kawa, ambao hufurika kwa muda mfupi na kuchukua kuta, mali na hata watu. Kwa hiyo anayetaka kuzuia mafuriko aanzie juu.

Siku ya mvua, tazama chini ya ukingo wa paa lako. Utaona vishimo vidogo vilivyopangana, vilivyochimbwa na matone, na kutoka hapo kijifereji chembamba kinachoelekea msingi wa nyumba ya jirani wa chini. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 40, likinyeshewa milimita 30, hutoa lita 1,200, yaani mapipa 6 ya lita 200. Si kila familia itaweza kununua mapipa 6, lakini mawili yanatosha kuanzia, na majirani wakifanya vivyo hivyo tofauti itaonekana mtaroni. Kunja vipande vya bati viwe mfereji wa paa, uuinamishe sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye pipa, kisha ulifunike pipa kwa wavu na mfuniko ili mbu na watoto wasiingie. Pipa lililokwisha kujaa halizuii tena kitu. Toboa basi tundu lenye upana wa kalamu katikati yake na ufunge mpira unaofika mtaroni: nusu ya chini itabaki kwa kufua na kudeki, na nusu ya juu itajimwaga polepole, tayari kwa mvua ya kesho.

Hapa natoa onyo ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano yanayonywa maji haraka, na huko shimo lililojazwa mawe ni dawa nzuri. Mteremko wa Bukavu ni wa udongo wa mfinyanzi. Ukiusukumia maji ndani, unakuwa mzito, unalegea, na mlima unateleza, kama wakazi wa mtaa wa Funu hapa Bukavu wanavyojua, kwani ardhi yao husogea. Usichimbe shimo la kunywesha maji kwenye mteremko mkali, hasa ukiona nyufa mpya ukutani au mlango uliokuwa ukifungika vizuri sasa unakwama.

Kinachofaa mlimani ni kuyapunguza maji mwendo. Panda vetiva, aina ya nyasi ndefu ambayo mizizi yake hushuka wima mita 2 hadi 3, kwa mistari inayofuata usawa wa mlima. Ili kuupata usawa huo, funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, uning'inize jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikipita katikati ya mti wa kulala, miguu miwili iko sawa. Shina moja kubwa la vetiva hupasuliwa kuwa miche mingi, kwa hiyo gharama yake ni jasho zaidi kuliko fedha. Panda mche kila sentimita 10 hadi 15 mvua zinapoanza, na ujaze kila pengo, kwa sababu maji yote hukusanyika kwenye pengo na kulichimba. Kando ya mto, pasipofaa kujengwa hata kidogo, matete yanashika ukingo na yanalisha mbuzi.

Mtaro usafishwe kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, mwezi wa Agosti, kabla ya mvua. Chupa na mifuko ya plastiki inayoachwa humo huzuia kwanza maji ya mtaani, kisha huteremka ziwani Kivu hadi bwawa la umeme la Ruzizi, ambako hukwamisha mitambo.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, toka na jembe na miche michache, ufuate njia ya maji kutoka ukingo wa paa hadi mtaroni, na kila yalipotoboa mstari wa majani, pazibe siku hiyohiyo udongo ungali laini.