Embe na nanasi za kuoka zenye chenga za nazi: namna ya kuzuia zisilowe

Wifi yangu alinitumia picha ya trei lake: juu uji, chini supu. Vipimo alivifuata vyote na oveni yake ni nzima. Kilichomharibia ni maji ya nanasi, ndiyo maana hatua ya 2 hapa ni ndefu kuliko nyingine zote. Chakula chenyewe ni chepesi: matunda yaliyotiwa viungo yanakaa chini, chenga za unga, nazi na siagi zinakaa juu, vinaokwa pamoja mpaka juu pakauke na kubadilika rangi.

Mahitaji (watu 6)

Chini: embe gramu 600 na nanasi gramu 500, zote zikiwa zimeshamenywa, sukari vijiko 4 vya chakula, ndimu 1, unga wa muhogo vijiko 2 vya chakula, iliki 6, karafuu 3, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, tangawizi mbichi kipande kidogo.

Juu: unga wa ngano gramu 150, sukari gramu 90, siagi baridi gramu 110, machicha ya nazi kikombe 1 (tui zito utakalokamua liweke kando kwa hatua ya 5), korosho konzi moja, chumvi kidogo.

Hatua ya 1: Embe na viungo

Chukua dodo au boribo lililoiva lakini likibonyezwa bado linakataa. Embe sindano ni tamu, ila nyuzi zake zitakukaa menoni. Papai usiliguse kabisa, likipata moto linalegea lote. Kata vipande vya ukubwa wa kete ya bao au zaidi kidogo.

Iliki na karafuu zitwange mwenyewe, muda huohuo. Iliki ya unga iliyokaa dukani inabaki na rangi tu. Na karafuu tatu maana yake tatu: mafuta yake ndiyo yale yanayotumika kutuliza jino linalouma, yanatia ganzi mdomoni, ukizidisha hutaonja embe wala nanasi.

Hatua ya 2: Maji ya nanasi

Nanasi likikutana na sukari na moto linaachia maji mengi. Maji yale yanapochemka, mvuke unapanda na kupita kwenye chenga, na povu la pembeni linazirukia. Hata ungeoka saa mbili, juu hapakauki. Kuongeza unga peke yake hakusaidii; utapata ugali wa matunda.

Kwa hiyo kata nanasi vipande vidogo kuliko vya embe, toa moyo mgumu wa katikati, changanya na sukari yote ya chini (vile vijiko 4) na uache nusu saa. Kisha weka kwenye chujio juu ya bakuli. Usikamue, maana vipande vikikamuliwa vinabaki makapi. Acha maji yashuke yenyewe. Nanasi la Kiwangwa lililoiva barabara litakupa maji mengi kuliko unavyodhani, na lile gumu la kijani litakupa kidogo. Ndiyo maana sikuandikii kipimo cha maji, nakuandikia jinsi yanavyopaswa kuwa mwishoni.

Maji hayo yachemshe kwenye sufuria pana ya stili. Ya alumini iache, kwa sababu uchachu wa nanasi unaila na ladha ya chuma inabaki mdomoni. Chemsha mpaka ibaki theluthi, na ukichovya kijiko, maji yashike mgongo wake badala ya kuchuruzika. Hapo tia tangawizi iliyosagwa na viungo vyote, epua, acha ipoe.

Ipoe kwelikweli. Unga wa muhogo ukitiwa kwenye kitu cha moto unafanya madonge ambayo hayavunjiki tena. Ukoroge kwanza na maji ya ndimu kwenye kikombe, halafu mimina kwenye ile sharubati iliyopoa. Konflawa pia inafaa, ila ikikutana na uchachu na moto mrefu hulegea, na muhogo hutoa rojo linalong'aa. Unga wa makopa yenye harufu ya kuvunda usitumie, harufu itabaki.

Sasa changanya nanasi, embe na sharubati. Embe halihitaji kuchujwa. Ukiona bado kuna kidimbwi chini ya bakuli, mimina matunda kwenye trei na kidimbwi ukiache. Kinywe.

Hatua ya 3: Chenga

Machicha yakaange bila mafuta, moto mdogo, mpaka yawe makavu na yaanze kunukia. Yapoe. Sugua siagi ndani ya unga, sukari na chumvi kwa ncha za vidole, si kwa kiganja, kisha tia machicha na korosho. Kwa joto la Tanga au Mombasa siagi itayeyuka kabla hujamaliza, kwa hiyo weka bakuli kwenye friji dakika 20. Samli iliyoganda inafaa pia, lakini punguza iwe gramu 90, kwa kuwa haina maji kama siagi. Majarini siitumii.

Nyunyiza juu ya matunda. Usishindilie.

Hatua ya 4: Kuoka

Oveni: nyuzi 180, dakika 40 hadi 50. Usitazame rangi peke yake. Tazama rojo linalochemka: povu liwe zito na la polepole, na litokee mpaka katikati, si pembeni tu. Kabla ya hapo unga wa muhogo haujashika.

Mkaa: palia, yaani weka makaa na juu ya mfuniko. Wengine huweka mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuoka kwa moto wa chini tu. Kwa keki sawa, kwa hiki hapana. Mfuniko uliopoa hukusanya mvuke na kuudondosha juu ya chenga. Mfuniko wenye makaa ni wa moto, hauachi tone. Weka makaa machache chini, mara mbili yake juu, na egemeza mfuniko kwa kijiti chembamba upande mmoja ili mvuke upate njia. Zungusha sufuria kila baada ya dakika kumi hivi. Fanyia nje au barazani, siyo jikoni kulikofungwa madirisha.

Hatua ya 5: Kupakua

Subiri nusu saa, rojo linaendelea kukaza likipoa. Lile tui zito ulilokamua kwenye nazi litie chumvi chembe mbili, liweke kwenye friji, kila mtu ajimwagie kwenye sahani yake. Ukimwaga kwenye trei lote, cha kesho kimelowa. Kilichobaki usikifunike kikiwa cha moto, na kesho kipashe kwenye oveni au upalie tena.